Mtoto Mchanga na Nguo Zake: Kuna Wakati wa Kumfunga na Wakati wa Kumfungua

Maisha ya askari ni maisha ya uhamisho. Leo amri humkuta Kabale, katika milima ya kusini-magharibi ya Uganda iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako ukungu hulala mabondeni asubuhi na watu hujifunika mablanketi mawili usiku. Kesho amri humpeleka Gulu, upande wa kaskazini, ambako jua la kiangazi hupandisha joto kupita digrii 30 na mabati ya nyumba hayashikiki kwa mkono. Askari hufunga mizigo, mkewe hufunga vyombo, na juu ya gari, katikati ya magodoro na masufuria, huketi mama amempakata mtoto wa wiki tatu.

Mama huyo alifundishwa na mamaye ya kwamba mtoto mchanga hapana budi afunikwe vyema. Kwa hiyo amemvika fulana mbili, sweta na kofia ya sufu, akamviringisha kwa shuka, na juu ya shuka akamzungushia blanketi zito la jeshi. Alfajiri walipoondoka milimani, baridi ilikuwa kali na kila aliyemwona alimsifu. Lakini sasa ni siku ya pili ya safari. Gari lavuka mto Nile pale Karuma, jua limesimama utosini, na mtoto angali ndani ya mavazi yale yale. Uso umemwiva, nywele zimelowa jasho, pumzi zinakwenda mbio, naye amenyamaza kimya. Mama anafurahi akidhani mwanawe amepata usingizi mzuri. Kumbe mtoto amelegezwa na joto, na asipofunguliwa upesi anaweza kudhurika vibaya.

Kosa la mama wa namna hii si kumfunga mtoto nguo. Kosa ni kuichukua amri ya Kabale mpaka Gulu bila kungoja amri mpya. Kumviringisha mtoto mchanga ni jambo jema likifanywa kwa kipimo, kwa sababu iliyo wazi na kwa muda wake. Likifanywa kwa mazoea tu, nguo ile ile iliyokusudiwa kumlinda mtoto yaweza kumharibu nyonga, kumzidishia joto au kumziba pumzi.

Tena ndani ya kambi jambo hili lina uzito wake wa pekee. Katika laini moja ya nyumba hukaa wake wa askari waliotoka kila upande wa nchi, na kila mmoja ana mafundisho ya kwao. Jirani wa kulia husema mtoto afungwe mpaka asitikisike, ndipo atakapokuwa na miguu iliyonyooka. Jirani wa kushoto husema nguo humchosha mtoto, heri aachwe hivi hivi. Mama aliyejifungua kwa mara ya kwanza, ambaye mamaye mzazi yuko mbali na mumewe yuko kazini, hushindwa ashike la nani. Jibu ni kwamba amtazame mtoto mwenyewe, kwa kuwa mtoto huonyesha kwa mwili wake lini afungwe, lini alegezwe na lini aachwe kabisa.

DESTURI YA TANGU ZAMANI

Kumviringisha mtoto kwa nguo si desturi ya kabila moja wala ya bara moja. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, watoto walizongwa kwa tepe ndefu za kitambaa tangu mabegani hata nyayoni, wakawa kama magogo. Mwaka 1748 daktari wa Uingereza, William Cadogan, aliandika kitabu kidogo cha malezi akiilaumu desturi hiyo, na mwaka 1762 mwandishi Jean-Jacques Rousseau aliilaumu vile vile katika kitabu chake juu ya elimu. Polepole tepe zile ziliachwa, lakini nguo ya kumfunika mtoto haikuachwa, maana ina faida yake ya kweli.

Mtoto ametoka mahali penye joto na pembamba, alipokuwa amekunjwa na kushikwa pande zote. Azaliwapo hujikuta katika nafasi kubwa isiyo na mpaka. Mlango ukibamizwa, au kichwa chake kikiteremka ghafula, huirusha mikono yake kando, kisha huikusanya tena kama anayetaka kukumbatia, na aghalabu hulia. Mshtuko huo si ugonjwa. Ni alama ya uzima, na wauguzi huutafuta makusudi wanapompima mtoto. Hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na kwa kawaida huwa umetoweka kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Nguo iliyofungwa vyema huituliza mikono hiyo, mtoto asijiamshe mwenyewe, na mama aliyechoka akapata kupumzika.

JOTO LA KWANZA NI KIFUA CHA MAMA

Hata hivyo nguo siyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mara tu anapozaliwa, akaushwe maji, kisha alazwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili, na aanze kunyonya katika saa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, kwa sababu maji humpokonya joto upesi. Joto la mwili wa mtoto mzima ni kati ya digrii 36.5 na 37.5.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mwenye uzito mdogo, kifua cha mama ni dawa hasa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha utaratibu wa kuwafunga watoto wadogo vifuani mwa mama zao, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Utaratibu huo umeenea duniani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wa namna hiyo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa karibu robo, wakilinganishwa na wale waliongojewa kwanza hali zao zitulie. Kwa hiyo mtoto mdogo asifungwe shuka na kuwekwa kando peke yake. Afungwe pamoja na mama yake.

NAMNA YA KUMVIRINGISHA

Nguo inayofaa ni ya pamba, nyepesi na iliyolainika kwa kufuliwa: kanga kuukuu, au kipande cha shuka chenye upana wa kama mita moja kila upande. Nailoni haifai, maana haipitishi hewa. Blanketi la jeshi halifai pia. Lilitengenezwa kwa mtu mzima alalaye nje. Nguo ifuliwe, ikauke vizuri, na ipigwe pasi pande zote mbili, kwa kuwa nguo iliyoanikwa nje huweza kutagiwa mayai na nzi ambaye funza wake huingia katika ngozi ya mtoto.

Kwanza, mama atandike nguo kitandani pembe moja ikielekea juu, kisha aikunje pembe hiyo kwa ndani. Amlaze mtoto chali, mabega yakiwa sawa na ukingo uliokunjwa. Kichwa chote na shingo vibaki nje ya nguo.

Pili, aiweke mikono ya mtoto ikiwa imekunjika kidogo juu ya kifua, jinsi mtoto mwenyewe apendavyo kuiweka. Asiilazimishe kunyooka ubavuni kama ya askari aliye katika gwaride.

Tatu, auvute upande mmoja wa nguo, aupitishe juu ya kifua, na kuuchomeka chini ya mgongo. Upande wa pili aufanye vivyo hivyo. Pini isitumike.

Nne, pembe ya chini aikunje na kuichomeka kwa ulegevu, mfano wa mfuko. Ndani ya mfuko huo miguu iwe na nafasi ya kujikunja magotini na kupanuka kando, kama miguu ya chura.

Tano, ajaribu kazi yake. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kwa urahisi kati ya nguo na kifua cha mtoto. Vikikataa kupita, nguo imekaza, na mtoto hawezi kuvuta pumzi kwa ukamilifu. Kwa upande mwingine, nguo ikilegea hata kuweza kupanda juu ya kidevu, hiyo nayo ni hatari, kwa sababu itamfunika pua. Kwa kifupi, iwe imara kifuani na huru kiunoni.

Wakati wa kunyonyesha mtoto afunguliwe. Mikono yake ndiyo ulimi wake: akiona njaa huipeleka kinywani muda mrefu kabla ya kulia. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, na aliyefungwa sana aghalabu hulala akapitwa na zamu yake. Katika wiki za kwanza, kabla maziwa hayajatulia na uzito haujaanza kupanda vizuri, ukimya wa mtoto usihesabiwe kuwa ni shibe.

NYONGA ZISINYOOSHWE

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ilikusudiwa tabia, haikukusudiwa mifupa. Wako wanaoamini kwamba miguu ya mtoto, ambayo kwa asili imepinda kidogo, hunyooka ikifungwa pamoja na kukazwa. Imani hiyo imewaletea watoto wengi madhara ya maisha.

Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ni ya mviringo kama mpira, nayo hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mtoto mchanga kikombe hicho bado ni gegedu laini, hakijawa mfupa kamili. Miguu ikiwa imekunjika na kupanuka, ule mpira hukaa katikati ya kikombe na kukisaidia kukua kwa umbo lake. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja mchana na usiku, mpira husukumwa ukingoni, na mwisho waweza kutoka nje. Mtoto haumwi wala halii. Baba na mama hugundua anapoanza kutembea, nao wanamwona anachechemea. Wakati huo matibabu huwa marefu na magumu, na pengine huhitaji upasuaji.

Japani ilijifunza somo hili na kulitumia. Huko ilikuwa desturi kuwafunga watoto nepi na nguo zilizoinyosha miguu, na katika miaka ya zamani watoto kati ya 11 na 35 katika kila 1,000 waliteguka nyonga. Tangu mwaka 1975 madaktari waliwahimiza wazazi na wakunga nchini kote waiache miguu ya mtoto ijikunje, na hesabu hiyo ikashuka mpaka chini ya watoto 2 katika kila 1,000. Hapakuvumbuliwa dawa yoyote. Nguo tu ililegezwa.

Akina mama wa Afrika wana sababu ya kuishukuru mbeleko. Mtoto aliyebebwa mgongoni, magoti juu na mapaja yamekumbatia kiuno cha mama, hukaa katika namna ile ile ambayo madaktari wa mifupa huitafuta wanapotibu nyonga. Wamekwisha kuona, nchini Malawi na kwingineko, kwamba ugonjwa huo ni nadra katika nchi ambazo watoto hubebwa hivyo, nao huihesabu mbeleko kuwa sababu mojawapo. Itakuwa hasara basi mama aliyebeba mwanawe vizuri mchana kutwa akamharibia kazi hiyo usiku kwa shuka iliyokazwa. Ikumbukwe pia kwamba mtoto asiviringishwe kwanza ndipo abebwe mgongoni; miguu iachwe huru, kichwa na shingo vishikiliwe na nguo, na pua ibaki wazi.

Wakati wa kubadili nepi, mama atazame kama paja moja linafunguka kuliko jingine, kama mguu mmoja ni mfupi, au kama mikunjo ya ngozi ya mapajani hailingani. Mtoto wa kike, mtoto aliyetanguliza matako wakati wa kuzaliwa, na yule ambaye katika ukoo wake kuna aliyepata kuteguka nyonga utotoni, wachunguzwe zaidi. Daktari akijua mapema, tiba yake ni nyepesi.

ALALE CHALI, TENA PEKE YAKE

Mtoto aliyefungwa nguo hana budi kulazwa chali kila mara, usiku na mchana. Asilazwe kifudifudi wala ubavu. Mtoto wa ubavu ni kama gunia lililosimamishwa. Hugeuka upande wowote, na mikono yake ikiwa imefungwa hawezi kujiinua uso kutoka kwenye godoro.

Jambo hili limethibitishwa kwa maisha ya watoto wengi. Nchini Uingereza kampeni ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali ilianza mwaka 1991, na Marekani ilianza yake mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua katika nchi hizo kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nne juu ya watoto waliofungwa nguo. Ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa kuliko zote kwa mtoto aliyefungwa na kulala kifudifudi, na kwamba hatari iliongezeka kadiri umri ulivyopanda.

Wapo akina bibi wanaohofia kwamba mtoto alalaye chali atapaliwa na matapishi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mtoto mzima hukohoa au kumeza. Tena alalapo chali, njia ya pumzi huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi hayaingii kwa urahisi mapafuni.

Nyumba za kambi aghalabu ni za chumba kimoja, na kitanda ni kimoja. Hata hivyo mtoto aliyeviringishwa asilale kati ya wazazi wake, kwa sababu hana mkono wa kusukuma blanketi wala bega la baba lililomwelemea. Apewe mahali pake mwenyewe karibu na kitanda cha mama, penye godoro gumu, bila mto wala rundo la nguo, na chini ya chandarua cha mbu. Ikiwa hapana budi alale kitandani pamoja na mama, basi afunguliwe nguo ya kuviringishia. Na baba aliyekunywa pombe usiku huo atafute mahali pengine pa kulala. Sigara isivutwe kabisa ndani ya nyumba yenye mtoto.

JOTO LA NYUMBA

Askari polisi wa Uganda wamezijua kwa miaka mingi zile nyumba za mviringo za mabati ziitwazo unipoti. Anayekaa humo anajua kwamba saa nane mchana nyumba ni kama tanuri, na saa kumi za usiku ni baridi kama mtungi. Nguo za mtoto haziwezi kuwa zile zile kwa saa zote mbili. Kanuni rahisi ni hii: mtoto avae kama mtu mzima aliyetulia katika chumba hicho avaavyo, pamoja na nguo moja nyepesi ya ziada. Nguo ya kuviringishia yenyewe ihesabiwe kuwa ndiyo hiyo ya ziada. Mchana wa joto, nepi na fulana nyepesi zatosha, wala hapana haja ya kumfunga.

Mama asipime joto kwa viganja au nyayo za mtoto, maana huwa baridi hata akiwa mzima. Aingize mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa pamefufutika vizuri na pakavu, mtoto yu salama. Pakiwa na jasho, au ngozi imeiva na pumzi zinakwenda upesi, apunguziwe nguo mara moja na anyonyeshwe. Kofia ina faida katika siku za kwanza na penye baridi kali, lakini ndani ya nyumba yenye joto ivuliwe, kwa kuwa kichwa ni mlango mkubwa wa kutolea joto.

Katika nchi za milimani wengine huingiza sigiri ya makaa chumbani usiku na kufunga mlango. Jambo hili halifai hata kidogo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, nayo imeua jamaa nzima wakiwa usingizini. Baridi ya usiku ishindwe kwa kifua cha mama, soksi na nguo ya ziada.

LINI KUACHA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa mtoto amezoea kulala vizuri akiwa amefungwa, mama huona hasara kuiacha nguo. Lakini nguo iliyomfaa mtoto wa wiki tatu huwa mtego kwa mtoto wa miezi minne. Siku atakayojipindua kifudifudi akiwa amefungwa mikono, hataweza kujiokoa. Na siku hiyo haitangazwi, huweza kuwa usiku wakati nyumba nzima imelala.

Kwa hiyo alama ya kuacha si siku anayojipindua, bali ni siku anayoanza kujaribu. Hutupa miguu upande mmoja na kuvuta kiuno. Huinua kichwa na kifua anapolazwa kwa tumbo akiwa macho. Hupigana na nguo mpaka mkono utoke. Watoto wengi huonyesha alama hizo kati ya miezi mitatu na minne, na wengine hutangulia wakiwa na miezi miwili tu. Alama moja ikionekana, kumfunga kukome siku hiyo hiyo, bila kujali umri.

Njia nyepesi ya kukumbuka ni kadi ya chanjo. Mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika safari ya wiki 6, mama amwombe muuguzi azitazame nyonga. Tangu safari ya wiki 10, amchunguze kila siku kama ameanza kujaribu kugeuka. Na itakapofika safari ya wiki 14, nguo ya kuviringishia iwe imekwisha kurudi sandukuni, hata kama mtoto hajaonyesha alama yoyote.

Mtoto asiye na alama bado aweza kuachishwa polepole. Kwa siku tatu au nne aachwe mkono mmoja nje, kisha yote miwili, huku nguo ikizunguka kifua tu, halafu iondolewe. Atashtuka na kulia kwa siku chache. Mama ampapase kifuani na kumwimbia, atazoea. Yule aliyekwisha anza kujaribu kugeuka hana muda wa polepole: afunguliwe mara moja. Na mtoto aliyefunguliwa apewe nafasi ya kulala kwa tumbo akiwa macho, mara kadhaa kwa siku, mama akimtazama, ili shingo na mabega yapate nguvu.

UKAGUZI WA BABA

Malezi ya mtoto mchanga si kazi ya mama peke yake. Baba askari ana ujuzi ambao nyumba inauhitaji: amezoea kukagua. Anaporudi kutoka lindoni usiku, kabla ya kuvua viatu, na asogee penye mtoto na kutazama mambo manne. Uso: u wazi na pua haikufunikwa? Kifua: vidole viwili vinapita? Kiuno: magoti yanaweza kujikunja na kupanuka? Shingo: ni kavu au ina jasho? Ukaguzi huo hauzidi dakika moja.

Saa yake ya mkononi nayo ina kazi. Mtoto anapoonekana kupumua upesi, afunguliwe nguo, na baba azihesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au kuzidi, azihesabu tena. Zikiwa bado ni hizo, mtoto apelekwe zahanati bila kungoja asubuhi. Apelekwe vile vile akikataa kunyonya, akiingia kifafa, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mwili ukiwa wa moto baada ya kupunguziwa nguo, ukiwa wa baridi ijapokuwa amefunikwa, akilegea asijitikise isipokuwa ameguswa, au viganja na nyayo zikigeuka manjano. Dalili hizi zote hufichwa na nguo nyingi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumfungua mtoto mara kwa mara na kumtazama mwili mzima penye mwanga.

Yule mama wa safari ya Gulu bado hajachelewa. Gari lisimamapo kivulini, afungue blanketi na kulirudisha kwa mwenyewe, avue sweta na kofia, aache fulana moja na kanga nyepesi, kisha ampe mtoto ziwa. Amtazame mpaka pumzi zitulie na rangi irudi. Na zisipotulia, zahanati ya kwanza njiani ndiyo mwisho wa safari ya siku hiyo. Zikitulia, usiku akifika kambini amlaze chali, mahali pake mwenyewe, chini ya chandarua. Mamaye hakumfundisha vibaya; alimfundisha ya Kabale. Ya Gulu atafundishwa na mtoto mwenyewe, akiwa tayari kumtazama.